Mlango kwanza, foleni baadaye: kuchagua ulinzi na kigawa mzigo cha dashibodi za biashara

Jumatatu, saa 2 asubuhi. Simu ya kwanza ilitoka kwa mhasibu: "Kaka, ripoti imegoma tena." Ya pili ikatoka ghalani. Ya tatu ilikuwa ya meneja wa mauzo, yuko barabarani, anafungua kwa simu ya mkononi. Kampuni ile ilisambaza vifaa vya ujenzi, na wote watatu walitaka kitu kimoja: dashibodi ya mauzo ya wiki iliyopita. Ilikuwa kwenye Metabase, programu ya kuonyesha ripoti za data, seva moja, mbele yake Nginx, programu inayopokea maombi ya watumiaji na kuyapeleka kwa seva. Skrini zao zilionyesha namba 504, yaani jibu limechelewa mno.

Tukaamua haraka: tuongeze seva ya pili, Nginx igawanye mzigo kati ya hizo mbili, yaani iwe kigawa mzigo. Jumatatu iliyofuata hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Awali walikwama wachache. Sasa walikwama wote kwa pamoja, na namba ikawa 502, yaani Nginx haikupata seva ya kujibu.

Sababu yake nitaieleza nikifika kwenye vigawa mzigo, maana ndiyo iliyonifundisha kuvitofautisha. Ila kilichonitisha zaidi wiki ile kilikuwa kingine. Nikiwa napekua logi, nilijaribu kufungua anwani ya seva moja kwa moja kwenye poti 3000, ile ambayo Metabase husikiliza, nikitumia bando la simu yangu, nje kabisa ya mtandao wa ofisi. Ukurasa wa kuingilia wa Metabase ukafunguka. Nginx yetu na cheti chake vilikuwa pale, lakini pembeni yake kulikuwa na mlango mwingine ambao hakuna aliyeufunga.

Tangu hapo kila anayeniuliza "nitumie Nginx au HAProxy?", kigawa mzigo kingine, namwambia tuanze na swali la nani anaruhusiwa kuiona dashibodi hata kabla ya kuandika nenosiri. Kufunga mlango na kupanga foleni ni kazi mbili. Nitazieleza hivyo hivyo, kila moja peke yake.

Kwa nini nenosiri la dashibodi yenyewe halitoshi

Julai 2023 Metabase ilitangaza mwanya wa usalama uliopewa namba CVE-2023-38646 (CVE ni orodha ya kimataifa ya mianya ya namna hii). Tokeni inayotumika mara moja wakati wa kusimika programu ilikuwa haifutwi baada ya kazi kwisha, na mtu yeyote angeweza kuisoma bila kuingia. Akiwa nayo, angeweza kuendesha amri zake ndani ya seva. Hakuhitaji jina la mtumiaji wala nenosiri.

Miezi michache kabla, Aprili 2023, ilikuwa zamu ya Apache Superset, programu nyingine ya dashibodi, CVE-2023-27524. Superset husaini kuki za watumiaji (vitambulisho vinavyokaa kwenye kivinjari) kwa ufunguo wa siri, na wengi walikuwa wameuacha ule ufunguo uliokuja na programu. Anayeujua ufunguo huo hujitengenezea kuki ya msimamizi. Toleo la 2.1.0 lilianza kukataa kuwaka likikuta ufunguo ule wa kuanzia. Grafana, nayo ya dashibodi, Desemba 2021, CVE-2021-43798: mtu aliweza kusoma mafaili ya seva kwa kuchezea anwani tu.

Hizi ni programu nzuri, na mimi ninazitumia. Lakini zote tatu, kwa wakati wake, nenosiri lao lilirukwa. Aliyekuwa ameweka mlango mwingine mbele alipata muda wa kusakinisha kiraka. Aliyeziacha wazi kwenye intaneti alikuwa anashindana na watu wanaopekua anwani usiku kucha.

Milango mitatu: WireGuard, proksi ya utambulisho, na handaki la Cloudflare

*WireGuard* ni VPN, yaani njia ya faragha ya kufikia mtandao wa ndani, iliyoingizwa kwenye kiini cha Linux toleo la 5.6, Machi 2020. Ninaipenda kwa sababu moja kubwa: ipo kimya. Anayebisha bila ufunguo sahihi hajibiwi chochote, kwa hiyo mpekuzi wa poti hajui hata kama kuna kitu pale. Ni nyepesi kwenye simu pia. Ukiandika kwenye `AllowedIPs` mtandao wa ndani peke yake, mfanyakazi atatumia VPN kwa ajili ya dashibodi tu, na mambo yake mengine ya simu yapite njia yake ya kawaida bila kumalizia kampuni bando.

Upungufu wake ni kwamba ufunguo ni wa kifaa, haumjui mtu. Simu ya afisa mauzo ikiibiwa kituoni, aliyeichukua na akaweza kuifungua anao mlango mkononi mpaka uifute kwenye orodha. Pia ni lazima kila mtu awekewe programu. Kwa watu kumi na tano, jioni moja inatosha. Kwa mia mbili waliotawanyika kwenye matawi, utaajiri mtu wa kazi hiyo.

*Proksi ya utambulisho*, mfano oauth2-proxy, hukaa mbele ya dashibodi na kumpeleka kila mgeni akaingie kwanza kwa akaunti ya kazi: Google, Microsoft, au Keycloak, programu ya akaunti mliyoisimika wenyewe. Hapa anatambulika mtu, na kama akaunti ya kazi ina uthibitishaji wa hatua mbili, dashibodi nayo imeupata bila nyongeza. Hakuna cha kusakinisha kwenye simu.

Angalia mambo mawili. Kuki yake, usipogusa mipangilio, hudumu saa 168, yaani siku saba. Mfanyakazi uliyemfungia akaunti Jumanne anaweza kuendelea kusoma mauzo hadi wiki ijayo, isipokuwa umeweka `cookie_refresh` ili akaunti ihakikiwe upya kila baada ya muda mfupi. La pili ni zito zaidi. Grafana inaweza kupangwa imwamini mtu kwa kichwa cha ombi kinachotumwa na proksi, mfano `X-WEBAUTH-USER`. Ukiitumia njia hiyo huku poti ya Grafana iko wazi pembeni, yeyote anaweza kujiandikia kichwa hicho na kujiita msimamizi. Proksi ya namna hii ina maana pale tu ambapo hakuna njia ya kuizunguka.

*Cloudflare Tunnel pamoja na Access* inafaa sana mazingira ya ofisi zetu nyingi. Programu ndogo iitwayo `cloudflared` hukaa ofisini na kufungua muunganisho kutoka ndani kwenda nje. Huhitaji anwani ya IP ya kudumu, wala kufungua poti yoyote kwenye ruta. Kama seva yako iko ofisini na intaneti yenyewe ni ya mtandao wa simu, ambako wateja wengi huchangia anwani moja ya nje, hii inaweza kuwa njia pekee isiyokusumbua. Mpango wao wa bure hubeba watumiaji 50.

Gharama yake ni imani. Data husimbuliwa kwenye mitambo yao kabla ya kufika kwako. Kwa dashibodi ya idadi ya mifuko ya saruji, sina tatizo. Kwa dashibodi yenye majina ya wagonjwa au namba za simu za wateja, kaa kwanza na mwanasheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sheria ya Kenya ya 2019 inadai kamishna aarifiwe ndani ya saa 72 data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe.

Kuna njia ya nne ambayo watu huikimbilia: kuruhusu anwani fulani za IP peke yake. Kwa ofisi yenye anwani ya kudumu inasaidia kama kufuli la ziada. Kwa timu inayofungua dashibodi kwa bando ni kupoteza muda, kwa sababu anwani zao hubadilika na nyingine wanachangia na watu wasiowajua.

Uamuzi wangu hapa: chini ya watu ishirini na wote wana vifaa vya kazi, WireGuard. Wakiwa wengi zaidi na wana barua pepe za kampuni, proksi ya utambulisho. Seva ikiwa ofisini bila anwani ya kudumu, handaki.

Sasa foleni: kwa nini seva mbili zilituangusha

Turudi kwenye ile Jumatatu. Dashibodi ilikuwa na kadi moja iliyojumlisha mauzo ya kila tawi kwa miezi 12, ikisoma risiti moja moja kutoka mwanzo. Swali hilo lilichukua zaidi ya dakika. Nginx, usipoigusa, husubiri jibu sekunde 60 kupitia `proxy_read_timeout`, kisha hukata na kutoa 504.

Tulipokuwa na seva moja, mambo yaliishia hapo: mwenye swali refu anakwama, wengine wanaendelea. Tulipoweka ya pili, kanuni nyingine ikaamka. Nginx ya bure haipimi afya ya seva kwa kuibisha hodi. Husubiri ombi halisi la mtu lishindwe, ndipo iishuku seva. Chaguo-msingi ni `max_fails=1` na `fail_timeout=10s`: kosa moja, seva inawekwa pembeni sekunde 10. Na kuchelewa kujibu huhesabiwa kosa. Ikiwa seva ni moja kwenye kundi, kanuni hiyo haitumiki kabisa. Zikiwa mbili, inatumika.

Kwa hiyo mhasibu alifungua ile kadi, sekunde 60 zikapita, seva ya kwanza ikawekwa pembeni. Meneja alifungua kadi hiyo hiyo kwenye seva ya pili, nayo ikawekwa pembeni. Kwa sekunde hizo Nginx ikawa haina pa kumpeleka mtu, na kila aliyekuja, hata wa ghalani aliyetaka kuona salio la nondo tu, akapewa 502. Seva zote mbili zilikuwa nzima muda wote huo.

Hapo ndipo nilipoanza kuvilinganisha vigawa mzigo kwa makini.

| | Nginx ya bure | HAProxy | Caddy | Kigawa mzigo cha AWS, wingu la Amazon (ALB) |
|---|---|---|---|---|
| Kupima afya | Kwa makosa ya watumiaji | Hubisha hodi kila sekunde 2 ukiiambia | Hubisha hodi ukiiambia | Hubisha hodi |
| Swali refu | Ukomo wa sekunde 60 | Unapanga mwenyewe | Haina ukomo usipouweka | Ukomo wa sekunde 60, unabadilishika |
| Cheti | Certbot (programu ya kuchukua cheti) pembeni, kwa kawaida | Certbot pembeni, kwa kawaida | Inajichukulia yenyewe | Cha AWS, bila malipo |
| Kutambua mtu | Kwa `auth_request` | Kwa msaidizi wa nje | Kwa `forward_auth` | Imo ndani, kwa akaunti ya kazi (OIDC) |

HAProxy ndiyo niliyohamia pale. Imekuwapo tangu 2001, na kazi yake tangu mwanzo ni kugawa mzigo. Unaiandikia `option httpchk GET /api/health`, anwani ambayo Metabase na Grafana zote zinayo (Superset ni `/health`), pamoja na neno `check` kwenye mstari wa kila seva, nayo hubisha kila sekunde 2. Ikikosa jibu mara tatu, seva inatoka kwenye zamu. Ikijibu mara mbili, inarudi. Swali refu la mhasibu likikatika, anayeumia ni mhasibu peke yake. Seva haiadhibiwi kwa kosa la swali. Ina pia ukurasa wa takwimu unaoonyesha kila seva ina maombi mangapi sasa hivi, na ukurasa huo nao ufungie ndani ya VPN. Faili la kuanzia kwenye Debian lina `timeout server 50000`, yaani sekunde 50. Ongeza kabla hujasahau.

Nginx bado ina nafasi yake. Kama unaijua vizuri na una oauth2-proxy, `auth_request`, inayouliza proksi kwanza kama mtu ameruhusiwa, inaunganisha mambo hayo kwa mistari michache. Weka `max_fails=0`, ongeza `proxy_read_timeout` kwa njia ya dashibodi, tumia `least_conn`, inayompeleka mtu kwenye seva yenye kazi chache. Ila ukiweka sifuri umezima hata ule upimaji mdogo uliokuwapo, kwa hiyo seva ikifa kweli Nginx itaendelea kuipelekea watu. Na jambo moja huwashangaza wengi: kadi za Metabase huulizwa kwa ombi la aina ya POST, na Nginx, kwa tahadhari, hairudii POST kwenye seva nyingine kama imeshatumwa. Seva ikizimika katikati, kadi ile imepotea mpaka mtu abonyeze upya.

Caddy ningempa mtu anayeanza leo, ana seva moja au mbili, na hataki kukumbuka cheti kila siku 90. Ikiwa dashibodi imefichwa nyuma ya VPN, kumbuka kwamba mtoa cheti hawezi kukufikia kwenye poti 80. Tumia uthibitisho wa DNS.

Kuhusu ALB nina machache ya kusema. Kama data yako tayari iko AWS, ichukue; inapima afya, inatoa cheti na inamtambua mtu kabla hajafika kwenye seva. Hulipishwa kwa saa pamoja na matumizi, iwe watu wameifungua au la. Kuhamisha kila kitu kwenda wingu kwa ajili yake peke yake sioni faida.

Usitumie `ip_hash`

Hili nalitenga kwa sababu nimeliona mara nyingi. Mtu anaogopa kwamba mtumiaji akirukia seva nyingine atatakiwa kuingia upya, anaandika `ip_hash`, inayomgandisha mtu kwenye seva moja kwa kufuata anwani yake ya IP. Kwa anwani za IPv4, Nginx huangalia mafungu matatu ya kwanza ya namba kati ya manne. Ofisi nzima inayotoka kwa ruta moja inaenda seva moja. Walio nje kwa mtandao mmoja wa simu nao huangukia pamoja. Seva moja inahema, nyingine inapunga upepo.

Na hofu yenyewe haina msingi. Metabase na Grafana huhifadhi kumbukumbu za walioingia kwenye hifadhidata yao, kwa hiyo seva zote zikitumia Postgres au MySQL moja, yeyote anahudumiwa popote. Usiwashe Metabase mbili kwa H2 wala Grafana mbili kwa SQLite, hifadhidata ndogo zinazokuja na programu, kwa sababu kila seva itakuwa na watumiaji wake na dashibodi zake. Superset huweka kumbukumbu ndani ya kuki iliyosainiwa, kwa hiyo seva zote zinahitaji `SECRET_KEY` moja. Zikitofautiana, mtu ataingia, abonyeze kadi, arudishwe kuingia, na utahangaika siku nzima ukilaumu kigawa mzigo.

Kabla ya kununua seva ya pili

Metabase moja hufungua hadi miunganisho 15 kwa hifadhidata moja ya data. Ukiweka mbili, ni 30. Postgres kwa chaguo-msingi inaruhusu 100, na humo humo kuna mfumo wa mauzo unaotoa risiti. Ukiongeza seva za dashibodi umeongeza watu wanaovuta maji kwenye kisima kilekile. Kwetu kilichoondoa foleni ya Jumatatu ni jedwali dogo la muhtasari: kila usiku mauzo ya siku yanajumlishwa kwa tawi, na ile kadi ikaanza kusoma huko. Kutoka zaidi ya dakika moja ikawa chini ya sekunde moja. HAProxy ilibaki kwa sababu tulitaka kusasisha Metabase mchana bila kumzimia mtu.

Kwa hiyo kama tatizo lako ni uchelewaji tu, anza na swali la hifadhidata, kisha akiba ya majibu, kisha nakala ya hifadhidata ya kusomea tu. Kigawa mzigo kinakuja pale unapotaka dashibodi isizimike seva moja ikizimika. Na ukifika huko, kumbuka HAProxy yenyewe ni moja. Programu ya Keepalived na anwani ya IP ya kuhama kati ya mashine mbili hutibu hilo.

Jambo lingine la kupima kabla ya kuchagua programu yenyewe: mlango unaamua nani anaingia, hauamui anaona nini ndani. Ukitaka meneja wa Mwanza aone Mwanza tu, Superset ina ulinzi wa kila mstari wa data bila malipo, wakati kwa Metabase uko kwenye toleo la kulipia. Na popote pale, akaunti ambayo dashibodi inatumia kuingia kwenye hifadhidata iwe ya kusoma tu.

Ile poti 3000

Ilikuwa Docker, programu tuliyoitumia kuendesha Metabase ndani ya kasha lake. Tulikuwa tumewasha UFW, ngome ya Linux inayofunga poti, tumeruhusu 22, 80 na 443 tu, tukaamini tumefunga. Lakini ukiandika `-p 3000:3000`, Docker hufungua poti hiyo kwa dunia nzima na kupita pembeni ya kanuni za UFW. Dawa ni herufi chache: `-p 127.0.0.1:3000:3000`, au anwani ya ndani ya WireGuard kama proksi iko kwenye mashine nyingine.

Ukimaliza kusimika chochote ulichochagua hapa, zima Wi-Fi ya simu yako, washa data, andika anwani ya IP ya seva ikifuatwa na `:3000`, kisha `:8088` kama ni Superset. Ukurasa ukifunguka, rudi kwenye mlango kabla hujamtumia yeyote kiungo cha dashibodi.